Jinsi ya kukagua tope la mtoni na bwawani kama limeshika sumu ya shamba (kwa sisi wa Mwanza na kandokando ya ziwa)

Wengi wetu tukisikia sumu imeingia mtoni tunakimbilia kuangalia maji. Tunachota kwenye glasi, tunainyanyua juani, yakiwa meupe tunasema haya, safi. Mi mwenyewe nilifanya hivo misimu miwili na nikaishia kukosa vifaranga vya sato kabisa, ndo maana naandika hii, ili mwenye bwawa, mwenye bustani pembeni ya mto au kijana wa BMU (kile kikundi cha kusimamia mwalo) ajue pa kuangalia. Pa kuangalia ni kwenye tope.

Nina mabwawa mawili madogo njia ya kuelekea Magu, yanajazwa na kijito ambacho huko juu kinapita kwenye pamba na bustani za nyanya. Mvua za kwanza za vuli ziliposhuka nikafungua maji yaingie, yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, siku ya tatu yakatulia mpaka unaona chini. Samaki wakubwa waliendelea kula kama kawaida, sato dume wakachimba viota vyao vile vya duara kama sahani pale pembeni, majike wakabeba mayai mdomoni, afu basi, vifaranga hamna. Nikalaumu chakula. Nikalaumu mbegu. Nikalaumu mnandi, yule ndege anayekula samaki. Siku moja akapita mzee mmoja aliyewahi kuvua miaka mingi, akachuchumaa, akaingiza mkono bwawani akatoa konzi ya tope, akalipasua kwa kidole gumba kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele, akaniuliza: "Mwanangu, mbona humu hamna kinachotembea?" Nikasogea kuangalia, kweli. Konokono wawili na mnyoo mmoja, basi. Tukaenda kijito cha upande wa pili ambacho juu yake hakuna mashamba, konzi hiyohiyo moja ilikuwa na mabuu mekundu yanajinyonganyonga, wadudu wenye mikia mitatu wanakimbilia chini ya kidole, na kamba wadogo wanaruka kama mafuta kwenye kikaango. Siku hiyo ndo nilianza kuelewa.

Kwanini tope na sio maji

Dawa nyingi za kuulia wadudu tunazopulizia hazipendi kukaa kwenye maji. Hizi za kundi la pairethroidi ambazo zimejaa madukani, sipamethrini, lamda-sihalothrini, deltamethrini, zikigusa udongo zinaugandia, hasa udongo laini wa mfinyanzi wenye mabaki ya majani yaliyooza. Mvua ikipiga inabeba udongo, udongo unabeba dawa, na pale maji yanapopunguza mwendo, kwenye kona ya mto, mdomoni mwa ziwa, kwenye mafunjo, ndani ya bwawa lako, udongo unatua na mzigo wake. Kwahiyo ukipima maji wiki mbili baadae unaweza usikute kitu kabisa wakati chini ipo, na itakaa wiki au miezi, nyingine hata mwaka unapita. Zile za zamani kama DDT na endosalfani ndo usiseme, hizo ni za miaka. Endosalfani iliwahi kupigwa kwenye pamba ukanda wetu huu, mwaka 2011 ikaingizwa kwenye orodha ya marufuku ya Mkataba wa Stockholm, ule wa dunia wa kuzuia sumu zinazokaa miaka mingi, lakini tope halijui tarehe ya marufuku.

Sasa fikiria nani anaishi humo. Mabuu wa wale wadudu wa ziwani wanaopanda asubuhi kama moshi mweusi juu ya maji, ukiwa Capri Point pale mjini Mwanza unawaona vizuri, hao sehemu kubwa ya utoto wao wanaishi kwenye tope. Wanalila, wanalichimba, wanapumua maji yaliyo katikati ya chembe zake. Dagaa na furu wanawala hao, sangara anakula dagaa, furu na kamba wadogo. Yaani jiko la ziwa zima liko chini kule. Dawa ya kuua mdudu wa nyanya haijui kama huyu ni mdudu wa nyanya au ni buu wa ziwani, pairethroidi inavuruga mishipa ya fahamu mpaka misuli inatetemeka yenyewe, zile za kundi la profenofosi na klopairifosi zinaziba kimeng'enya cha neva, na zote mbili ziko kali sana kwa kamba, kaa na wadudu wa majini, pairethroidi ni kali sana kwa samaki pia. Na sio lazima afe papo hapo. Anaweza akaishi ila hakui, hatagi, hakimbii adui. Kifaranga cha sato kinachoanza kuokota chakula chini kwenye tope kama hilo, we jaza mwenyewe.

Kuna jambo moja linaniumiza zaidi ya samaki, na naomba usilipite haraka. Mwaka 2020 watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya, kandokando ya ziwa letu hilihili, walitoa matokeo kwamba kwenye maji yenye viuatilifu wale konokono wanaobeba kichocho wanastahimili, ila wadudu wanaogombania nao chakula wanakufa. Yaani sumu inawasafishia njia konokono. Sisi wa Mwanza kichocho tunakijua, watoto wetu wanaogelea humo humo, kwahiyo ukikuta tope halina wadudu ila konokono wamejaa hiyo ni ishu ya samaki na pia ni ishu ya mtoto wako.

Vitu vya kuandaa

Beseni jeupe (jeupe kabisa, la rangi utakuwa huoni kitu), chekeche ya unga, ndoo mbili, kijiko, chupa ya kioo yenye mfuniko, daftari na simu ya kupiga picha. Gambuti na glavu ndefu sio hiari, kichocho kinaingia kwenye ngozi ukiwa umesimama tu majini, na kama eneo lina mamba au kiboko usishuke, tafuta sehemu nyingine au mtu anayelijua.

Alafu sikiliza hili vizuri: USITUMIE kipande cha chandarua badala ya chekeche. Najua ndo kitu cha kwanza kinachokuja kichwani, hata mi nilianza nacho. Vyandarua tunavyogawiwa vimewekwa dawa, na dawa yenyewe ni hiyohiyo pairethroidi, utakuwa unaua unachotaka kuhesabu.

Chagua sehemu mbili, sio moja

Sehemu moja peke yake haikuambii kitu. Unahitaji ile unayoitilia shaka, yaani chini ya mashamba, chini ya josho, au pale watu wanapooshea mabomba ya kupulizia, na nyingine ya kulinganisha, juu ya mashamba au kijito cha jirani kisicho na kilimo. Zifanane kwa mengine, kama hii ina tope laini na ile pia iwe na tope laini, usilinganishe mfinyanzi na mchanga kwasababu mchanga kwa asili una viumbe tofauti na pia haushiki dawa sana. Kujua udongo wako ni rahisi, weka tope robo chupa ya kioo, jaza maji, tikisa kwa nguvu afu iache mezani. Mchanga unatua ndani ya dakika moja, kinachokuja juu yake polepole ni udongo laini, na yale maji yanayobaki na ukungu mpaka kesho yake ni mfinyanzi wenyewe. Kama chupa yako ina ukungu mpaka kesho, tope lako ni lile linaloshika.

Muda nao una maana. Nenda mara moja kabla ya mvua, ukiweza mwezi wa tisa, kisha rudi wiki mbili tatu baada ya mvua kubwa za kwanza, na mara nyingine wakati wa kupulizia pamba, kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa nne. Usiende kesho yake baada ya mafuriko maana mafuriko yenyewe yanafagia wadudu, utamlaumu mkulima bure.

Kuchota na kuhesabu

Unataka tope la juu tu, sentimita mbili mpaka tano, ndo jipya na ndo wanapoishi wengi. Ingia ukitokea upande wa chini wa mto uelekee juu ili usivuruge unapoenda kuchota. Kwangua na kijiko kikubwa au kopo, sehemu tano tofauti ndani ya hatua kumi hivi, changanya kwenye ndoo. Chukua vikombe viwili vya mchanganyiko huo, mimina kwenye chekeche, tikisa taratibu ndani ya ndoo ya maji masafi mpaka udongo upite, kinachobaki pindua kwenye beseni lenye maji kidogo. Afu tulia. Dakika mbili za kwanza hutaona kitu zaidi ya vijiti, kisha kijiti kimoja kitaanza kutembea.

Tafuta hawa. Wadudu bapa wenye mikia mitatu kama nywele na vitu kama manyoya vinapepea ubavuni, hivyo ndo vya kupumulia. Funza wanaojijengea vikoba vya chembe za mchanga, ukigusa kikoba kinatoa kichwa. Kamba wadogo kama kioo, unaona mpaka utumbo. Kaa wadogo. Hawa wote ni wepesi kufa, dawa ikiingia ndo wa kwanza kuondoka. Katikati kuna watoto wa kereng'ende na wale wanaoogelea chali. Wagumu ni konokono, ruba na minyoo, hao dawa za wadudu haziwasumbui sana. Afu kuna mabuu mekundu, hao wekundu wao ni damu inayoshika oksijeni, kwahiyo wanavumilia maji mabovu ila dawa ya wadudu haiwaachi.

Andika kila aina na idadi, hata kwa makadirio, piga picha beseni lote na simu. Usimwage, warudishe ulipowatoa.

Sasa kusoma. Hapa ndo watu wanakosea. Kama kote wadudu wamepungua na tope linanuka kama yai viza, ni jeusi, mabuu mekundu na minyoo wamejaa, hiyo mara nyingi ni uchafu wa vyoo na takataka unaomaliza oksijeni, vijito vinavyokatiza makazi kama Mirongo pale mjini viko hivo. Lakini ukikuta maji ni meupe, tope halinuki, oksijeni ipo, mimea ipo, konokono na ruba wapo, ila wenye mikia mitatu hamna, kamba hamna, na hata mabuu mekundu hamna, wakati kule juu ya mashamba wote wapo, hapo shuku dawa. Nasema shuku. Beseni linakuonyesha kwamba kuna tatizo na limeanzia wapi, jina la dawa utaambiwa na maabara.

Kama umevutiwa zaidi, Afrika Kusini wana njia ya kupima afya ya mto kwa kuangalia viumbe wake, inaitwa miniSASS, ambayo mtu wa kawaida anaweza kutumia, ina makundi 13 tu ya viumbe na kila kundi lina alama zake, na Tanzania kuna TARISS iliyotengenezwa kwa ajili ya mito yetu, ila hiyo inataka mtu aliyefundishwa.

Jaribio la ndoo

Hili nalipenda kwasababu linamaliza ubishi kijijini. Maabara duniani kote wanafanya hivihivi, wanaweka kamba wadogo au mabuu kwenye tope linaloshukiwa kwa siku 10 wanahesabu waliobaki. Wewe chukua vyombo vinne vipana, viwili weka tope la kushuku na viwili tope la kulinganisha, kina cha vidole viwili, mimina maji taratibu juu ya sahani ili usilivuruge, maji yawe mara tatu ya tope. Maji ya bomba yana klorini, yaache kwanza kwenye ndoo wazi siku nzima. Acha vyombo kivulini mpaka kesho yatulie, ndo uweke kamba 10 kila chombo, wote kutoka sehemu ile safi na wa ukubwa unaofanana. Kila baada ya siku mbili punguza nusu ya maji ya juu uweke mengine yaliyolala. Jani moja lililooza kwa ajili ya chakula linatosha, ukizidisha utawaua kwa kukosa hewa.

Siku ya 10 chekecha uhesabu. Cha muhimu kuliko vyote: angalia kwanza vile vyombo vya tope safi. Kama huko wamekufa zaidi ya wawili kati ya 10 jaribio limeharibika, joto au maji au mikono yako ndo tatizo, rudia. Kama huko wamebaki nane au tisa na kwenye tope la kushuku wamebaki wawili, basi unayo picha ya kuwaonyesha wenzako. Angalia pia kama walio hai wanaruka ukiwagusa au wanatetemeka tu wamelala ubavu, hiyo andika.

Sampuli ya maabara

Ukiamua kupeleka, usibebe tope kwenye mfuko wa plastiki wala chupa ya maji, dawa hizi zinagandia plastiki. Chupa ya kioo iliyooshwa vizuri, ndani ya mfuniko weka karatasi ya aluminiamu ile ya kufungia chakula, jaza, andika mahali, tarehe na saa, weka kwenye barafu na giza, ifike mapema. Kabla ya yote piga hodi Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria au NEMC kanda (wale wa mazingira), wote wapo Mwanza, ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali nayo ipo, na TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) kwa mambo ya samaki. Ishu ya dawa yenyewe, imesajiliwa au la, ni ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Uliza bei kwanza, kupima viuatilifu sio rahisi kama kupima pH, ndo maana beseni na ndoo vinatangulia, ili hela ikitoka itoke kwa sehemu sahihi. Daftari lako na picha zenye tarehe zinasaidia kusikilizwa, hilo nimelishuhudia.

Ukikuta tatizo

Usiingie mtoni na majembe kutoa tope, utalivuruga lipande kwenye maji lishuke kwa mwenzako. Mtoni dawa ni kuzuia jipya lisiingie na kuacha udongo safi ulifunike. Bwawani una nafasi zaidi, toa samaki, kausha, acha jua lipige mpaka tope lipasuke, kwangua tabaka la juu ukalifukie mbali na maji na sio kwenye mchicha. Mi nilifanya hivo na pia nikachimba kibwawa kidogo mbele ya lile la kwanza ili maji yapoe yaache udongo humo kwanza, na mvua mbili tatu za mwanzo siku hizi sifungui kabisa, hizo ndo zinabeba mzigo mkubwa.

Kwa mwenye shamba ni mambo ya kawaida ila tuyafanye. Acha ukanda wa nyasi ndefu au matete kati ya shamba na mto, lima kukata mteremko, usipulizie wingu likiwa limeshanuna. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mto, na hata ukiiangalia kama mkulima tu mita hizo ndo zinachuja udongo wako usiondoke. Kopo la dawa likiisha lisuuze mara tatu na maji ya suuza yarudi kwenye bomba ukapulizie shambani, kisha toboa kopo. Bomba usilioshee mtoni, hata kama wote wanafanya. Maji ya josho yasielekezwe kwenye kijito wala lambo. Na akina mama wanaofulia vyandarua ziwani, tuwaambie kwa upendo wafulie kwenye beseni nyumbani, maji wamwage kwenye shimo mbali na ziwa na kisima.

Samaki wakielea wengi kwa wakati mmoja usiwaokote, usimpe kuku wala mbwa, ita BMU na afisa uvuvi. Wapo wanaotumia sumu kuvulia mpaka leo, mwaka 1999 Ulaya ilifunga soko kwa samaki wa ziwa letu kwasababu hiyohiyo, viwanda vya minofu Mwanza vikayumba, watu wakakosa kazi.

Bwawa langu nimelikagua tena mwezi uliopita, vikombe viwili vya tope, beseni lilelile. Mabuu mekundu 31, wenye mikia mitatu wanne, kamba mmoja mdogo sana, nilimdhania kipande cha jani mpaka aliporuka. Nimemrudisha na mkono.